Dungusi Linaloinamia Mlangoni

Jumapili, 3 Machi

Nimeligeuza dungusi robo duara, kama nifanyavyo kila Jumapili tangu mama watoto alipofariki. Miaka sita sasa. Limeinama tena, upande wa mlango. Nimeongeza kipande cha kadibodi chini ya chungu — cha nne tangu mwaka jana — likanyooka. Naogopa linaoza. Aliponikabidhi aliniambia nisiliache lianguke.

Binti yangu amenicheka kutoka chumbani. Ana mimba ya miezi minane, na daktari amemwamuru alale tu, asipande wala kushuka ngazi. Tuko ghorofa ya nne na lifti ni pambo. Asema watoto wa jengo hawakukosea kuniita Babu Rula.

Jumatano, 6 Machi

Nimevuka barabara hadi kwa muuza maua. Amenihoji kama tabibu. Dungusi la chunguni, asema, haliinami bure. Hufuata mwanga wa dirisha. Au limezeeka, kichwa kikawa kizito kuliko shina. Au mizizi imebanwa. Au maji yamezidi, shina likaoza chini; nilibonyeze karibu na udongo, likibonyea basi nianze kuaga.

"Ila mzee wangu," akasema, "mwanga uko dirishani. Huko mlangoni linafuata nini, wageni?"

Nimerudi nyumbani.

Nimelibonyeza kwa kijiko. Gumu kama goti. Mizizi mizima, nafasi tele. Kichwa si kizito. Nilipaswa kufurahi.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimeondoa kadibodi zote, nikaligeuza nusu duara. Kama kosa ni la mmea, lielekee dirishani.

Limeinamia mlangoni!

Kisha nimefunga ufunguo kwenye uzi, nikauning'iniza ukutani. Juu uzi unagusa ukuta. Chini, vidole viwili vinapita kati. Maji ya sahani ya chungu yamekusanyika upande mmoja. Upande ule ule.

Kadibodi zile! Mwaka mzima nyumba inaniambia kuwa inainama, nami naisahihisha. Miaka arobaini nimewafundisha watoto wa watu wasifute kosa kabla ya kulielewa.

Binti asema mlango wa bafu unakwama tangu mwezi jana. Alidhani ni unyevu.

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi wa jengo amekuja. Ameutazama uzi, akajikuna shingo. Nyumba zote hutulia, asema, kama mzee anayejiweka sawa kitini. Nikasogeza kabati, nikamwonyesha ufa unaomeza ukucha mzima. Rangi hiyo, asema. Ataleta fundi wa plasta.

Nimewagongea majirani wote. Wengine walinishukuru kwa adabu. Mmoja aliuliza kama sasa Babu Rula anapima dunia.

Mkwe wangu ni dereva wa lori, yuko safarini. Kwa simu ameomba tumsubiri hadi Ijumaa.

Binti hakucheka leo. "Baba, daktari kasema ngazi zinaweza kunimalizia mtoto. Wewe unataka nishuke kwa sababu ya ua la mama?"

Ngazi sabini na mbili. Nikikosea, mjukuu nimemuua mimi. Nikinyamaza —

Nimempigia simu muuza maua. Asema kimebaki kipimo kimoja: nilitue mahali palipo sawasawa, bila kadibodi. Likiinama huko, ugonjwa ni wake.

Tumekubaliana, binti na mimi. Likiinama, nafunga mdomo hadi Ijumaa. Likisimama, anashuka.

Jumanne, 12 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika mbele ya duka la muuza maua, ili mikono ipate kazi.

Nimelishusha mwenyewe, ngazi zote, miiba ikinichoma kidevu. Muuza maua alikuwa ameazima pimamaji kwa fundi mwashi. Aliiweka sakafuni, povu likatulia katikati. Juu, ng'ambo ya barabara, binti alikuwa amesimama dirishani, ingawa amekatazwa.

Nikalitua. Nikaondoa mikono.

Limesimama wima. Wima kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Ni zima, maskini, halikuwa na kosa lolote. Wenye kuinama tulikuwa sisi.

Niliinua mkono. Binti akashika tumbo, akatoweka dirishani.

Muuza maua na dada yake wamekwenda kumchukua. Atashuka kwa kukaa, ngazi moja moja, wao wakimshika kwapani. Mimi wamenikataza, wasema magoti yangu yatawazibia njia. Jirani yule aliyeuliza habari za kupima dunia ameshatoka na watoto wake, hajanitazama usoni.

Nahesabu kwa niaba yake. Pumzi mbili, ngazi moja. Kumi. Kumi na moja. Mbona sisikii sauti zao?

Ishirini.

Kioo cha dirisha letu kimepasuka. Hakuna aliyekigusa. Pembe hadi pembe.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na