Marahaba Iliyofika Jikoni

Mikumi,
Jumapili, baada ya misa.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikainua kalamu, kama vile nasubiri uitikie, maana ndivyo ulivyotulea. Vipi mgongo? Na kifua, bado kinakubana asubuhi ukungu wa mto Mkondoa unapopanda? Shangazi Marselina naye, miguu yake imepungua kuvimba? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia, na sababu utaiona humu. Nakuomba barua hii uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee, hata Shangazi.

Huku vumbi limetukalia, mvua bado. Magari ya kwenda Mbeya na Zambia hayakatiki barabarani, na mimi bado niko palepale kaunta, hotelini kwa Mwanasha. Nadhani hujawahi kuelezwa vizuri kazi aliyoifanya hapa marehemu mdogo wangu Onesphory, kwa kuwa mlikuwa hamsemezani, nami sikutaka kuwa mpeleka maneno. Leo nikueleze.

Tangu haya mabasi ya watu binafsi yawe mengi, yanagombea abiria kama kuku kwenye mtama, na dereva hana subira ya kumngoja mtu atafune. Basi Mwanasha alinunua kompyuta ya mauzo, ile inayotoa risiti, na fundi mmoja wa Morogoro, Deogratias, akaiunganisha na simu kwa waya. Kondakta akiwa bado Doma, au akitokea kule Mbuyuni, anatuma ujumbe: basi fulani, wali kuku sahani kadhaa, chipsi kadhaa. Kompyuta inausoma, inauingiza kwenye mauzo, na jikoni kimashine kidogo kinatema karatasi. Mama Teresia, mpishi wetu, anapakua. Basi likifika, chakula kiko mezani kinafuka moshi. Malori yaliyoharibikiwa njiani yanapelekewa chakula kwa pikipiki. Pikipiki hiyo ndiyo aliyoiendesha mdogo wangu, na lori lililokatika breki likamkuta nayo. Hayo unayajua, sirudii.

Kompyuta hiyo pia humjibu kila anayetuma ujumbe. Maneno ya kumjibu aliyatunga Onesphory: "Shikamoo. Mimi Onesphory. Nimekusikia, chakula kinakuja." Tulimcheka sana. Nilimwambia makondakta wengine ni watoto kwake, anawaamkiaje? Akasema yeye ameshazoea kutoa shikamoo isiyoitikiwa, ikiongezeka nyingine haitamvunja mguu. Wenzetu wakazidi kucheka. Mimi nilijua anamsema nani, nikajitia kuhesabu vijiko.

Tulipotoka Kidete kumzika, hakuna aliyeikumbuka kompyuta. Mwanasha alifungua hoteli, basi la kwanza likaagiza, na kompyuta ikajibu kama ilivyofundishwa. Kondakta wa basi hilo ni yule Nikolaus aliyebeba jeneza upande wa miguu. Aliingia ameishika simu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu, akaiweka mbele yangu, akaniuliza huu ni mchezo gani tunaomchezea. Nilisoma jina la mdogo wangu, nikamrudishia simu nikiwa nimeigeuza kifudifudi.

Tulitaka kuyabadilisha maneno yale siku ileile. Kumbe neno la siri la kufungulia alikuwa nalo Onesphory kichwani, na fundi Deogratias ameshahamia Songea, hapatikani kwenye simu. Kwa hiyo, Baba, wakati wote huu marehemu amekuwa akiwaamkia watu kwenye simu zao. Madereva wengine siku hizi wanatupita wakaenda kula mbele. Mwanasha alimwita mwalimu wa madrasa akasoma dua. Mama Teresia naye akaona dua ya Kiislamu haitoshi kwa Mkatoliki, akamleta katekista, akanyunyiza maji ya baraka mpaka nikavua khanga nikaifunika kompyuta isije ikaungua. Wote wawili wakala wali wa bure, wakaondoka, na kompyuta ikaendelea kuamkia watu.

Hayo tungeyazoea. Mtu huzoea hata jirani mwenye ngoma. Lakini jioni moja jikoni ilitoka karatasi isiyo na jina la basi wala la chakula. Imeandikwa neno moja tu: HODI. Mama Teresia akadhani ni utani wa makondakta, akaitundika kwenye msumari. Kabla sufuria haijachemka ikatoka nyingine: MARAHABA. UMEKULA?

Akatoka nayo mpaka kaunta akiuliza marahaba ni chakula gani, na ni cha basi lipi. Nilipoisoma mimi, naye akaelewa hapohapo. Kompyuta imemwamkia mtu kwa jina la Onesphory, na mtu huyo ameitikia.

Tangu hapo zimekuwa zikija, si kila siku, lakini zinakuja. Hodi kwanza, kisha marahaba na swali lilelile. Kompyuta haijui kujibu swali, inarudia shikamoo yake, na huko anaitikia tena. Mama Teresia ameshika neno moja, kwamba hao ni wazee wetu wa kuzimu wamempokea Onesphory wakamkuta ana njaa, na sisi ndio tuliomwachia aondoke bila kula. Anaweka sahani ya wali pembeni ya kile kimashine. Paka anashiba. Lakini mwenyewe anakonda, Baba, anapika huku akigeuka nyuma, na ameshamwambia Mwanasha kwamba jina lile lisipoondolewa ataondoka yeye. Akiondoka, hoteli imekwisha, maana watu wanasimama hapa kwa mkono wake. Mwanasha amepata fundi mwingine. Anakuja Alhamisi kufuta kila kitu na kuanza upya.

Mimi sikuogopa kuzimu. Niliingiwa na baridi kwa jambo lingine. Nyumba nyingi nimeingia hapa duniani, na kote marahaba hufuatwa na hujambo, au habari za huko. Nyumba ninayoijua mimi ambayo marahaba hufuatwa na umekula ni moja. Ulikuwa ukirudi kutoka gangi ya reli, nyundo bado iko begani, tukikuamkia unaitikia na kutuuliza hivyo kabla hujavua buti. Watoto wa majirani walikuwa wakitutania kwa hilo.

Nikaitafuta kwenye kompyuta namba iliyotuma maneno yale, nikaipiga. Akapokea Lupakisyo, mwenye duka pale karibu na stesheni ya Kidete. Aliitambua sauti yangu, akaanza kujikohoza. Nilimbana, naye akasema simu ni ya duka, ya kila mtu mwenye shida. Akasema yuko mzee mmoja huja, hataki kuandikiwa, anavaa miwani na kubonyeza herufi mojamoja. Akishatuma, anatoka na simu nje, anasimama akitazama reli mpaka ijibu. Anasoma, anaitikia, anangoja tena. Kisha anaipangusa kwa shati na kuirudisha. Lupakisyo hakutaja jina, alisema ameapishwa.

Ni wewe, Baba. Ile kadi ya hoteli yenye namba tuliyowagawia watu msibani, moja ilibaki kwako.

Nisikufiche, nilikasirika. Najua Onesphory alikukosea alipokwenda na wale wa vyuma chakavu kupakia mataruma ya reli uliyoyalaza kwa mikono yako, tena wakati ambao wewe na wenzako mmeshapunguzwa kazini na donda bado bichi. Sijawahi kumtetea kwa hilo. Lakini alikuja mlangoni akakuamkia, ukatazama nguzo. Akaja Pasaka, ukatazama nguzo. Kila akirudi Mikumi nilikuwa simuulizi, naye hasemi, anakwenda kuosha pikipiki ambayo haikuwa chafu. Nikawaza kwamba kompyuta imepewa bure kile ambacho mwenyewe alikililia. Nikakaa na hasira hiyo wiki nzima. Kisha nikakuona kwa mawazo umesimama pale nje ya duka na miwani yako, nikalia mbele ya wateja, na hasira ikaisha yote.

Nilimweleza Mwanasha ukweli. Alishika mdomo, akasema kama ningemwomba angeliacha jina lile hata mwaka. Sikumwomba, Baba. Mama Teresia hawezi kuendelea hivi, wala wewe huwezi. Kwa hiyo kuanzia Alhamisi usitume tena. Utajibiwa "Karibu mteja wetu", na sitaki neno hilo likukute umesimama peke yako kule relini. Hiyo ndiyo haraka ya barua hii, na ndiyo maana naituma kwa mkono wa mtu, isikawie posta.

Na lile swali lako, kompyuta hailiwezi. Nakujibu mimi niliyekuwepo. Alikula. Siku ile nilimpakulia wali na maharage kwa mkono wangu, akamaliza, akaingia jikoni kuomba ukoko, akaukwangua mwenyewe chini ya sufuria huku Mama Teresia akimfukuza kwa mwiko. Aliwasha pikipiki akiwa bado anatafuna. Hakuondoka na njaa, Baba. Lala.

Nitapanda huko mwezi ujao Mwanasha akinipa ruhusa. Nikifika mlangoni nitakuamkia mara mbili, yangu na yake. Uitikie zote mbili, kwa sauti.

Nisalimie Shangazi, na wote wa pale nyumbani wanaoniulizia. Lupakisyo usimgombeze, nilimbana mimi. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Costancia