Renini Iliyolala

Rotterdam, 4 Machi 1983

Dada Dirkje,

Hujambo wewe na vitunguu vyako huko Zierikzee? Mimi mzima, ukiacha figo zote mbili nilizotolewa mwaka jana kwa kosa la kunipandisha presha. Mashine inanisafisha damu, na kwa kuwa hata maji napimiwa, kahawa yangu siku hizi ni kipande cha barafu cha kumung'unya.

Daktari Hoogstra anaipenda damu yangu kuliko mwanamke yeyote alivyowahi kunipenda. Anasema renini, kile kitu cha kupandisha presha, hutoka kwenye figo. Kwangu iliyo macho imebaki chembe tu. Lakini ile renini changa, iliyolala, isiyoanza kazi, bado ipo. Inatoka wapi na kiwanda kimeshabomolewa? Hajui. Nikamwambia, "Daktari, mwenye nyumba kahama, mpangaji bado yumo." Hakucheka.

Lile neno lako la kunipa figo nitalijibu karatasi ikibaki.

Haikubaki.

Mdogo wako,
Krijn

Zierikzee, 20 Machi

Krijn mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Sisi wazima, ila shemeji yako Huib mguu unamsumbua, na sisi wengine tunasumbuliwa na Huib.

Mtu anakupa figo, wewe unamjibu ukurasa mzima wa renini! Tena tarehe kumi nimetimiza hamsini. Ukoo mzima ulikaa duara sebuleni, watu wakapeana hongera hadi majirani. Kwako hata kadi haikuja. Walikutoa figo tu, au na adabu?

Dada yako, aliyenuna,
Dirkje

Rotterdam, 2 Aprili

Dada yangu,

Salamu, na pole nyingi kwa shemeji. Usinune. Kalenda yangu ya siku za kuzaliwa inaning'inia pale inaponing'inia kwa kila mtu mwenye akili: chooni, mbele ya macho. Wewe unaisoma mara ngapi kwa siku? Mimi sina mkojo, dada. Machi yote imenipita, na Shangazi Leuntje pia kanuna. Hongera ya hamsini.

Figo yako siitaki. Mwili wangu ukiikataa, nitakuwa nimekupasulisha bure, na tukikaa mezani kula nitashindwa kukutazama.

Mdogo wako,
Krijn

Zierikzee, 9 Juni

Krijn,

Hujambo? Huku salama. Usidhani nilikuwa bado nimenuna. Nilikuwa napimwa, hapo hapo hospitalini kwako, na wauguzi niliwaomba wafunge midomo. Tunapatana, mimi na wewe, angalau kwa damu.

Eti utashindwa kunitazama. Ukishakufa ndiyo utanitazama vizuri? Wiki ijayo naingia wodini. Kama ni hapana, uniambie usoni, wagonjwa wenzako wakisikia.

Dada yako,
Dirkje

Wodi ya chini, 21 Juni, kwa mkono wa muuguzi

Dada,

Umeamkaje huko juu? Kidonda kinauma? Wauguzi wa huko juu wanasema unawagombeza wapishi, kwa hiyo najua hujambo.

Nimekojoa. Muuguzi aliibeba chupa kama anabeba kichanga, nami nikalia bila haya. Hoogstra akaja kuchota damu yake kama kawaida. Leo karudi: renini imeonekana, tena iliyo macho, inayofanya kazi. "Hiyo ni ya dada yako," akasema, na safari hii alicheka yeye.

Basi jihadhari. Kuanzia leo presha yangu ikipanda, nitajua ni wewe.

Mdogo wako,
Krijn