Migomba Niliyoikatakata

Mama yako kawa mwalimu mkuu! Yule yule niliyemzaa mimi! Kashaulili nzima imesikia, maana nimepita sokoni nikiwaambia mmoja mmoja.

Shikamoo yako nimeipokea, Deus, mume wangu mdogo. Hatujambo, mpunga umekubali.

Hiyo Java ya chuoni kwenu, lugha ya kompyuta, siijui. Ila umeuliza: ukishika kitu, unajua ukoo wake tu, hujui ni mtoto yupi, utakitolea nakala vipi? Hilo nalijua! Nilipoolewa Sibwesa, mimi binti wa wafugaji, mama mkwe aliniambia, "Toa mbegu ya kila zao, tupande shamba jipya." Nikakata kila kitu vipande nikafukia. Muhogo ukaota. Migomba ikaoza yote, nikajua narudishwa kwetu. Yeye akacheka: "Mwali, nani kapanda 'zao'? Muhogo unatoa kijiti, mgomba unatoa chipukizi!"

Basi kule juu kwenye ukoo andika amri tu: toa nakala. Namna ya kuitoa, kila mtoto aiandike kwake.

Jaribu, halafu uje uniambie imeota. Ng'ombe wa kumpongeza mama yako tunamchinja Jumamosi baada ya Pasaka, na nyie wote nawataka hapa.