Mbao Nane za Mama

Jumatatu. Joto la Juba limenuna tangu asubuhi, nami nimenuna kulishinda.

Mama yangu alikuwa mchoraji. Alijifunza ukimbizini Kampala, bado msichana: anachonga picha kwenye ubao kwa patasi, anapaka wino, analaza karatasi, anasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha inahamia kwenye karatasi. Kijiko kile kile, miaka arobaini. Tuliporudi Sudan Kusini kwa uhuru alichonga wanawake kwenye foleni ya kura, mmoja kakaa chini ananyonyesha. Niliipenda mno. Sikumwambia.

Kusema kweli, nilimwonea aibu. Mama za wenzangu walikuwa na maduka sokoni Gumbo. Wangu ana wino kwenye kucha.

Vita vilipozuka tulikimbia na nguo za mwilini na kijiko kile tu. Karatasi zake zote ziliungua na nyumba. Mbao nane tu alizochonga niliziwahisha kwa jirani yetu wa mtaa wa Hai Mauna, Fundi Okello, seremala Mganda. Mama alifia ukimbizini Arua, Uganda, akiziulizia.

Leo nimezifuata. Fundi kafurahi mpaka kamwita mkewe aje aone. Katoa mbao nane zinang'aa, laini kama meza mpya.

"Dada, watu waliharibu mbao ya mama na kisu, wakapaka na oili chafu. Mimi napiga randa yote. Mvule kama hii sasa huwezi pata!"

Kapiga randa.

Kazi yote ya mama imefagiliwa pamoja na maranda!

Nilitaka kupiga yowe Mauna nzima isikie. Lakini mzee wa watu alibaki hapa risasi zikipita, mbao kazificha chini ya kitanda chake, na leo kakataa hata soda. Nikasema shukran, nikazibeba.

Maana siku ile nilimwambia nini? "Fundi, nitunzie hizi mbao." Mbao! Ulimi ulishindwa nini kusema hizi ni picha, mama yangu ni msanii? Seremala umpe mbao, azifanye nini, azisalie? Mjinga ni mimi. Mjinga kabisa.

Jioni nimechukua ubao wa foleni, nimeujua kwa ufa wake pembeni. Nimepaka wino, nimelaza karatasi, nimesugua kwa kijiko cha mama mpaka bega likauma. Karatasi imetoka nyeusi tupu.

Nimeibandika ukutani. Atakayeuliza ni kazi ya nani, nitamwambia: hii si ya mama. Hii ni yangu.