Kwa Verlon Kubena, Mpiga Gitaa la Chuma wa Ukumbi wa Mladka

Verlon, mwaka umetimia tangu utuache. Ilikuwa Jumamosi, na mtu kama wewe asingekubali kuondoka siku nyingine. Ulikuwa umevaa jinzi iliyotiwa wanga mpaka inaweza kusimama yenyewe, shati jeupe, buti umezing'arisha, umekaa barazani ukinisubiri nimalize kujipodoa. Nilipotoka kukuambia twende, ulikuwa umeshatangulia. Maisha yako yote ulilalamika kwamba nakuchelewesha. Siku hiyo ukachoka kusubiri.

Ninayeandika ni mimi, mkeo Oleta. Watoto wamenizunguka mezani wananisahihisha, na dada yako Willadean amesimama nyuma yangu anasema nimeanza vibaya. Mnyamazishe, kama huko mliko mna uwezo huo. Sisi huku tumeshindwa.

Ulituomba jambo moja tu. Daktari alikuwa amekuambia habari za moyo wako, ukarudi nyumbani, ukala soseji zako kama hukusikia kitu, kisha ukasema, "Mama, nikiondoka msihangaike na kaburi, litaota majani lenyewe. Shikilieni Jumamosi." Ulimaanisha dansi la Jumamosi pale ukumbini, lile walilotuachia babu zetu waliokuja Texas kutoka Bohemia, kule Ulaya, na kodiani zao mgongoni. Tayari wakati ule mfanyabiashara wa maonyesho alikuwa ameanza kuizungukazunguka kamati, akiutaka ukumbi kwa ajili ya vijana wake wanaoimba muziki wa kantri wa redioni. Tulikuahidi. Leo tunakuandikia ujue Jumamosi imeishia wapi, maana hilo ndilo ungetuuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza mimi hali yangu.

Lakini acha kwanza tukukumbuke. Wewe subiri, umezoea.

Siku za kazi ulikuwa mtu wa greda la kaunti. Barabara za changarawe za huku kwetu zote zilipita chini ya mkono wako, na hakuna nyumba uliyoipita bila kusimama kunywa kahawa. Mwaka ule wa ukame tulipouza ng'ombe wote, mimi nikaenda kunyonyoa kuku kiwandani, nikawa narudi na mikono imevimba. Ulikuwa unailowesha kwenye maji ya chumvi, unaikanda kidole kimoja kimoja, unasema, "Mikono hii ningekuwa nayo mimi, ningeshapiga gitaa zuri zaidi." Uongo mtupu. Nilikuwa naupenda.

Jumamosi ulikuwa mtu mwingine. Ulifika ukumbini kabla ya wote na kopo la unga wa mahindi, ukazunguka sakafu ukiurusha kama mtu anayelisha kuku, ili buti ziteleze. Kisha ukakaa kushoto mwa jukwaa, nyuma ya lile gitaa lako linalolazwa kama meza, kipande cha chuma mkononi, miguu kwenye pedali. Gitaa lile lilikuwa linalia kama mtu anayejizuia kulia. Kila chombo kilipewa zamu yake katikati ya wimbo: fidla ya Leldon Marek, kodiani, kisha wewe. Zamu yako ilipofika, hata waliokuwa wakigombana kwenye gari nje waliacha. Watu walizunguka ukumbi wote kwa pamoja, upande uleule, wazee duara la ndani na vijana duara la nje, na watoto wamelala kwenye mablanketi chini ya mabenchi.

Na kila Jumamosi kulikuwa na wimbo mmoja usio na gitaa la chuma. Wageni walidhani umekwenda kujisaidia. Sisi tulijua umeshuka kumwalika mjane. Bi Hruska alipofiwa na mumewe alikuja akakaa ukutani na mkoba mapajani, tayari kurudi nyumbani. Ukasimama mbele yake.

"Bi Hruska, unanisaidia? Mke wangu ananikanyaga."

"Mkeo anacheza vizuri kuliko wewe."

"Ndiyo maana nataka mtu wa saizi yangu."

Alicheka mkoba ukaanguka. Hakukosa Jumamosi tena.

Ulikuwa na kasoro moja, na kasoro yenyewe ilikuwa redio. Ulishindwa kuiacha izungumze peke yake. Kila asubuhi ulikuwa unagombana nayo jikoni.

"Mama, huyu kijana anaimba habari za lori lake tena. Hivi hana mke?"

"Labda mke alimkimbia."

"Basi aimbe hilo! Hilo ndilo kantri! Hapa anaimba lori, bia, jinzi ya msichana, na nyuma mtu anapiga makofi. Si mtu hata. Mashine inapiga makofi. Wimbo unajipongeza wenyewe!"

"Zima basi."

"Nizime nini, nasubiri nisikie fidla."

Ulisubiri fidla miaka mingi, mpenzi. Watu walikuita mzee mwenye kinyongo. Wewe hukuwa na kinyongo na kijana yeyote. Ulichotaka ni wimbo uwe na nafasi ya mtu aliyefiwa, aliyefilisika, aliyeachwa, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakija ukumbini. Ulisema wimbo usio na huzuni ndani yake hauna mahali pa kuweka gitaa la chuma.

Halafu ikaja ile simu kutoka kwa mwanao Royce, anayefanya kazi Nashville, kule Tennessee, kwenye studio ya muziki. "Baba, kuna mwimbaji kijana, jina lake liko kila mahali. Wanataka gitaa la chuma kwenye wimbo wake. La kweli. Nimewaambia habari zako." Ulijifanya unafikiri. Ulikuwa umeshaanza kupakia. Uliendesha gari kutoka Texas mpaka Tennessee ukakataa kunipa usukani hata mara moja, na gitaa umelifunika kwa shuka letu la harusi. Ulipotoka studio uso ulikuwa unawaka. "Wamenipa zamu nzima, Mama. Nzima!"

Wimbo ulipokuwa karibu kutoka, ukawaita watu wote ukumbini mchana, kabla ya dansi, waje wausikilize redioni. Walikuja kama wanakuja ubatizoni. Bi Hruska alileta mikate mitamu ya aprikoti. Leldon alivaa tai. Ukaiweka redio jukwaani, kwenye kiti chako mwenyewe, na ukasimama sakafuni na sisi.

Wimbo ukaanza. Ulikuwa habari za lori. Hakuna aliyecheka. Ukanishika mkono, ukaninong'oneza, "Sasa hivi, baada ya hapa." Tukasubiri. Yakaja makofi ya mashine. "Basi ni pale mbele." Tukasubiri tena. Kisha mtangazaji akaanza kuzungumza habari za matairi ya bei nafuu, tukajua wimbo umekwisha.

Bi Hruska ndiye aliyeokoa jahazi. "Redio hii mbovu," alisema. "Haishiki sauti za chini. Ya kwangu nayo ni hivyohivyo."

"Ndiyo," Leldon akasema. "Hata mimi nyumbani gitaa silisikii."

Watu wazima wote wale wakatikisa vichwa, wakaisema redio vibaya, wakala mikate. Nawe ukacheka nao, ukamwambia Leldon afungue tai kabla haijamnyonga. Lakini tulipofika nyumbani hukushuka kwenye gari. Nilikuletea kahawa, nikaikuta baadaye kwenye dashibodi imepoa. Ulikuwa unaongea na Royce kwenye simu.

"Wamelitoa, Baba. Walisema linauzeesha."

"Linamzeesha nani?"

"Wimbo."

"Wimbo ulikuwa na siku mbili, mwanangu."

Royce alilia kwenye simu, ukambembeleza wewe. Yupo hapa mezani sasa, anataka niseme kwamba aliwaomba wairudishe zamu yako, wakamcheka. Nimesema. Tangu siku ile ulipiga Jumamosi zote kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itabomolewa, na ndiyo maana ombi lako lilikuwa lile moja.

Sasa tukupe habari zenyewe.

Baada ya kukuzika tuliendelea. Kodiani ilikuwepo, fidla ilikuwepo. Zamu yako ilipofika bendi iliendelea kupiga mdundo tu, juu yake patupu, na watu walizunguka kimya mpaka fidla irudi. Tulitafuta mpigaji kaunti nzima. Tulimpata mmoja, yuko kwenye nyumba ya wazee na mikono inatetemeka. Watu wakaanza kupungua. Hawakupungua kwa ubaya, wengine walikufuata huko huko, utakuwa umewaona.

Kamati ikaitisha mkutano. Ervin Pavlas, mwenyekiti, hakuweza kunitazama. Wewe ndiye uliyemfundisha kucheza, akiwa na miguu kama mitarimbo.

"Oleta, paa linavuja."

"Najua linavuja. Limenivujia mimi."

"Sisi tunajaza nusu ya ukumbi. Hao vijana wa yule bwana wanajaza mpaka kwenye maegesho. Na mabango yake yanasema ni kantri, si kwamba tunaleta sarakasi."

"Afadhali sarakasi, Ervin. Sarakasi ina mnyama wa kweli."

Watu walicheka, na nikadhani tumeshinda. Wanaotaka dansi letu libaki wakaambiwa wanyooshe mikono. Bi Hruska alinyoosha yote miwili, Ervin akamwomba ashushe mmoja. Haukusaidia hata ule mmoja. Waliokataa Jumamosi yetu walikuwa majirani, Verlon, watu waliochumbiana kwenye sakafu ile. Baadaye walikuja kunikumbatia. Nikawakumbatia. Ningefanyaje? Paa linavuja kweli.

Onyesho la kwanza la yule bwana tulikwenda, kwa sababu ni Jumamosi na hatukujua pa kwenda kwingine. Jua lilikuwa bado halijazama, na magari yalikuwa yamepanga mstari mpaka daraja la kijito. Unga wako wa mahindi walikuwa wameufagia, mtu mmoja akilalamika kwamba ukumbi una vumbi. Mabenchi yalitolewa nje. Vijana walisimama wamebanana, wote wanatazama jukwaani, simu zimeinuliwa, hakuna anayemgusa mwenzake. Mwimbaji aliimba habari za lori, kisha bia, kisha lori lililobeba bia. Leldon alisimama karibu nami, mikono mfukoni, fidla ameiacha nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Halafu ukaja wimbo mmoja wa polepole, wa hatua tatu, kama ule tuliokuwa tunafungia dansi. Haukuwa mbaya. Nasema ukweli, ulikuwa mzuri. Mguu wa Leldon ukaanza kugonga wenyewe.

"Oleta, huu unachezeka."

"Wewe uko tayari kuaibika?"

"Nimeoa mara tatu."

Tukaingia. Binti yetu Jolynn akamvuta mumewe. Bi Hruska akamshika Willadean, wakawa wanagombania nani ni mwanamume. Tukaanza kuzunguka upande wetu uleule tuliouzoea, lakini hapakuwa na mzunguko wa kuingia. Tuligonga migongo, tukaomba radhi, tukajipenyeza. Bado nikawa nausikia mdundo wetu, Verlon. Fidla haikuwepo, wewe hukuwepo, lakini hatua tatu zilikuwepo, na kwa muda mfupi nikasema moyoni, labda Jumamosi tumeishikilia.

Msichana mmoja akanigusa bega. Mrembo, buti mpya, adabu zote. Hakuwa na ubaya wowote.

"Samahani, bibi. Mngesogea pembeni kidogo? Mnatuziba, hatumwoni."

Wewe unanijua. Nimetukanwa na msimamizi wa kiwanda cha kuku, nimebishana na benki, nimemjibu kasisi. Nilifungua mdomo nimpe jibu la kukufurahisha. Nilimtazama, akatabasamu, anasubiri tu tumpishe. Leldon aliushusha mkono wake kutoka mgongoni kwangu taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika. Jolynn naye akasimama. Bi Hruska na dada yako wakasimama.

Tukasogea, Verlon.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Oleta; watoto wako Royce na Jolynn; mkwe wako Curtis; wajukuu wako Tess na Waylen; dada yako Willadean; Leldon Marek; na Bi Hruska, aliyesema asipotajwa atakuja kutufanyia fujo.

Hatutakusahau, hata siku moja.