Majivu kwenye Miwani ya Vene

Jumatatu, 4 Agosti
Maharage yako jikoni tangu alfajiri. Mchele nimeuchagua kwa kupapasa, maana macho hayaoni kokoto tena. Jana dereva wa lori aliuma jiwe, akaniuliza mbele za watu, "Mama, hizi kokoto ni mboga ya leo?" Kibanda kizima kikacheka. Mimi nami nikacheka. Moyoni aibu tupu.

Mchana mwanangu Vene akapiga simu. Stesheni ilikuwa imejaa, treni ya Kigoma imechelewa, kila mtu anataka sahani. Hatukuongea sana. Miwani aliyonitengenezea imefika Dar, kuna mtu ataiweka kwenye basi. Halafu akasema mkataba wake huko Ujerumani unaisha mwezi wa kumi. Kiwanda kinamtaka aongeze. Yeye baridi imemchosha. "Kioo changu kikipita majaribio nimemaliza kazi, mama. Narudi."

Nimelitembeza neno hilo kichwani siku nzima. Kikipita, narudi. Ni miaka sita sasa tangu aondoke.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechukua mzigo stendi. Miwani imo kwenye kasha gumu, imefungwa kama yai.

Vioo hivi ni vyake Vene. Alishanieleza mara nyingi, na leo ndiyo kidogo nimeelewa. Kuna mtungi mkubwa wa chuma. Wanatoa hewa yote ndani. Wanachemsha kitu kigumu mpaka kinakuwa mvuke, na ule mvuke unatua kwenye kioo kama unavyotua kwenye mfuniko wa sufuria. Tofauti ni kwamba huu hautiririki. Unaganda. Tabaka juu ya tabaka, na zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hapo mwanga ukija haurudi nyuma, unapita. Anayekutazama anayaona macho yako, haoni dirisha linang'aa usoni pako. Tabaka la juu kabisa ndilo alilolibuni yeye. La kuzuia vumbi na jasho. Amelifanyia watu wa mashambani, kwa sababu anasema wenye ofisi wameshafikiriwa vya kutosha. Kwenye hati ya uvumbuzi jina lake limo. Jina la baba yake limo.

Kokoto nimezitoa zote leo. Nimeona na mikono yangu ilivyokunjamana. Nimezeeka, jamani.

Vene akapiga kwa picha kwenye simu. Akaniangalia. "Mama, nayaona macho yako." Akaanza kulia. Na mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeharibu. Wacha niandike nilivyoharibu.

Asubuhi nilikaa uani juani. Nikaigeuza miwani upande nikaona ukijani. Nikageuza tena, bado upo. Nikafuta kwa kanga, nikafuta kwa sabuni, hautoki. Mimi niliolewa Usoke, nimekaa kwenye tumbaku miaka kumi na tisa. Utomvu wa tumbaku ukikauka mkononi unakuwa hivyohivyo, kijani cheusi, na sabuni haiuwezi. Dawa yake ni majivu. Kila mke wa Usoke anajua.

Nikachota majivu ya kuni, maji kidogo, kitambaa. Nikasugua kama ninavyosugua sufuria ya wageni. Kwa upendo kabisa! Ukijani ukaanza kutoka, nikafurahi, nikaongeza majivu. Nikaiacha ikauke nayo kidogo, nikaisuuza.

Nikavaa. Naona kama nipo ndani ya banda la kukaushia tumbaku, moshi mtupu. Ukungu. Pembeni kuna mikwaruzo.

Ule ukijani haukuwa uchafu. Ndiyo ilikuwa kazi ya mwanangu.

Jumapili, 10 Agosti
Vene amepiga mara mbili. Sikupokea. Nilimwandikia kwamba mtandao ni mbaya.

Nimemweleza jirani yangu Bi Rahma, muuza vitenge. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe Mama Vene, mwezi ukishuka karibu utausugua yale madoa!" Alipoona sicheki akakaa chini. Akanishauri niseme imeanguka. Miwani huanguka, hakuna kosa hapo.

Nina hofu.

Alhamisi, 14 Agosti
Leo alipiga mpaka nikapokea. Aliona palepale, na kazi yake ni kuona. "Mama, mbona naona dirisha badala ya macho?"

Nikasema imeanguka kwenye saruji.

"Imeanguka tu? Hukuisugua na kitu?"

"Na nini? Imeanguka."

Akashusha pumzi. Nilimsikia. Akasema alishaogopa tabaka lake limeshindwa, na kama limeshindwa ingebidi aanze upya. Lakini kuanguka ni kuanguka. Majaribio yanaisha mwisho wa mwezi, baada ya hapo anakata tiketi. Anakuja moja kwa moja, akae.

Nimedanganya, halafu nimefurahi. Furaha kweli. Nimeimba nikiosha vyombo.

Ijumaa, 15 Agosti
Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa lilijaa. Sikukomunika.

Jumatano, 20 Agosti
Nimeanza matayarisho. Nimeagiza asali ya msituni, ile nyeusi anayoipenda. Wateja wa kibandani wote wameshajua, nimeshindwa kunyamaza. Yule dereva wa lori wa kokoto ameniuliza kama Vene ana mchumba. Nikamwambia amalize wali wake kwanza.

Jioni Vene akatuma sauti. Nimeisikiliza mara nne. Anasema kioo kikipita, miwani ya kwanza italetwa huku kwetu. Wakulima wa tumbaku, warina asali. Usoke imo. Anacheka kabisa: "Shangazi Modesta atakuwa wa kwanza kuvaa."

Modesta ni wifi yangu. Mikono yake haijawahi kuoshwa kwa kitu kingine zaidi ya majivu. Miwani ikimfikia, siku ya pili haionyeshi kitu. Na watasema huyu mtoto wa marehemu kaka yetu katuletea moshi wa kuvaa usoni.

Nimekaa na simu mkononi. Sikupiga.

Jumapili, 24 Agosti
Bi Rahma anasema ninyamaze. "Mtoto arudi kwanza, utamwambia akishashiba. Atatengeneza hapahapa." Nimemwuliza ule mtungi wa chuma tutauweka wapi, bandani kwa kuku? Akasema kuku watahama. Ana maneno huyu mwanamke.

Nikisema ukweli, Vene anaanza upya, harudi. Nikinyamaza anarudi, na kazi yake inakuja kuaibika hapa hapa kwao, mbele ya ndugu zake. Kila nikifika hapo nageuza.

Namtaka. Acha niandike, hakuna anayesoma. Namtaka nyumbani. Nataka kumsikia akifungua mlango kwa kuusukuma na bega kama mwizi. Nataka kumgombeza kwa kula ugali kuanzia katikati akaacha pembeni kote. Baba yake alipozikwa alitazama kwenye simu aliyoshika mtu mwingine. Nilimwona mwanangu mdogo kama kiganja, analia bila sauti kwa sababu sauti ya simu ilikata. Sijamshika tangu kabla ya hapo. Mtoto analia na mamaye hamshiki. Hiyo imenikaa hapa kifuani kama jiwe la kusagia.

Na kazi yake je? Amekaa na vile vioo usiku na mchana ujana wake wote.

Sijui. Mungu nisaidie, mimi sijui.

Jumatano, 27 Agosti
Kesho kutwa anakabidhi.

Wali umeungua leo. Nimewaomba radhi wateja.

Alhamisi, 28 Agosti
Nimepiga mwenyewe. Sijawahi kumpigia kwa picha, siku zote hupiga yeye. Akaogopa. "Mama, kuna msiba?"

Nikasema, Vene, haikuanguka. Niliisugua kwa majivu.

Akaanza kuuliza kama askari. Majivu ya kuni gani? Ya moto au yaliyopoa? Maji kiasi gani? Yalikaa muda gani? Nikamjibu yote, kuni za miombo, vuguvugu, maji ya kufanya uji mzito, muda wa kupepeta ungo mmoja. Nilimsikia anaandika. Ghafla akaanza kucheka.

"Mama, tumekijaribu kwa mchanga. Kwa chumvi. Kwa jasho la kutengeneza. Kwa waya wa kusugulia masufuria! Wataalamu wazima wamekaa mezani, hakuna hata mmoja aliyefikiria majivu ya mama."

Nikacheka naye. Halafu nikasikia kicheko chake kinaisha. Akaeleza polepole. Majivu yakilowa yana ukali wake kama magadi, unakula lile tabaka la juu. Linaweza kutengenezwa. Mwaka. Labda miwili.

Nikauliza kama hakuna mwingine wa kuifanya. Akasema yupo. "Lakini mimi ndiye ninayejua huko mnaosha na nini." Akauliza mbona nilimdanganya.

"Nilitaka urudi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akasema, "Sasa mama, nikae?"

Nikasema kaa.

"Vua hiyo miwani useme tena."

Hapo nikashikwa. Hii miwani hata na ukungu wake ndiyo inayonipa uso wake. Nikiivaa namwona, yeye anaona dirisha. Nikiivua ananiona, mimi simwoni. Nilikuwa nimejificha vizuri humo nyuma ya dirisha.

Nikavua. Simu ikawa doa jeupe mkononi. Nikalitazama lile doa, nikasema kaa. Sauti haikutetemeka. Macho sikuyaweza.

Nilidhani mtandao umekata. Halafu nikamsikia, "Mayu." Ndivyo alivyoniita alipokuwa mdogo, kwa Kinyamwezi cha bibi yake. "Mayu, nimeona."

Nilipovaa tena alikuwa amegeuza uso.

Jumatatu, 1 Septemba
Amesaini. Miaka miwili.

Nimeumia. Nilisema mwenyewe akae na bado nimeumia, nimemkasirikia kwa kunitii.

Ijumaa, 5 Septemba
Vene anataka majivu. Ya jikoni kwangu hasa, asiokote ya huko. Nimeyachekecha mara tatu kwa chekecheo la unga, nikayafunga kwenye mfuko, mfuko ndani ya kopo la maziwa. Stendi karani wa mizigo akafungua kopo, akanitazama. "Mama, haya ni majivu."

Nikasema ndiyo.

"Yanakwenda wapi?"

"Ulaya."

"Kwani Ulaya hakuna moto?" Akawaita wenzake waje waone. Mmoja akauliza ni ya mganga gani, na yeye apatiwe kidogo, mke amemkimbia. Nikawaambia ni ya kazi ya mwanangu, ni mvumbuzi. Nikasema kwa sauti. Karani akafunga kopo vizuri, akaliandika kwa kalamu nzito, akalizungushia karatasi ya gundi bila mimi kumwambia.

Nimerudi nyumbani Chemchem kwa miguu. Vumbi jingi.

Jumatano, 10 Septemba
Majivu yamefika Dar. Mtu wake anasafiri Jumamosi.

Vene ametuma picha ya kioo kipya. Sioni tofauti. Nikamwandikia kizuri sana.

Jumapili, 21 Septemba
Baada ya misa nimetoa godoro la Vene juani. Nimeliegemeza ukutani, nikalipiga kwa fimbo, vumbi likatoka. Shuka nimefua.

Bi Rahma akachungulia juu ya ua. "Kumbe anakuja?"

"Haji."

"Sasa godoro la nini?"

"Godoro linataka jua."

Akaenda ndani, akarudi na kahawa, tukanywa tumekaa, tunalitazama. Hapakuwa na upepo.

Saa kumi nimeligeuza upande wa pili.