Theluji Ukutani kwa Baba

Matrah, Maskati
12 Desemba 1970

Mpendwa mdogo wangu Suud,

Assalaam aleikum. U hali gani na baridi ya huko Praha? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama miguu yamsumbua kidogo, lakini anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Picha yako imefika salama. Bwana Bakhit uliyempa huko kaileta Ijumaa ya juma lililopita, imeviringishwa ndani ya blanketi, rangi haikubanduka popote.

Nilimwonesha Mama kwanza, kwa siri. Wajua Baba hajalitaja jina lako tangu ulipoacha udaktari ukashika brashi. Tumeitandaza mkekani, mara huyo kaingia!

Akaitazama. "Nchi gani hii iliyokufa namna hii? Miti haina hata jani."

Mama akamjibu, "Baba Rahila, hebu tazama vizuri. Juu ya paa pana moshi."

Baba akavaa miwani, akapiga magoti. Akaufuata moshi kwa kidole mpaka kwenye kile kijumba, kisha mpaka kwa yule bibi mwenye mzigo wa kuni, na nyayo zake nyuma yake katika theluji. Halafu akasema, "Huyu kapoteza kila kitu ila njia ya kwao. Na ndani yupo anayemngoja, ndiyo maana moto unawaka."

Suud, tangu tulipokimbia kwetu tukashuka hapa na mabegi mawili, sijapata kumsikia Baba akisema neno juu ya kupoteza.

Mume wangu Ghanim kaitilia fremu, na Baba mwenyewe kachagua ukuta, ule unaotazamana na mlango. Juzi jirani yetu Sheikh Aflah akacheka, picha ya baridi yatufaa nini sisi watu wa jua? Baba akamkata: "Hiyo kazi ya mwanangu. Wewe ushapata kumwona mtu akachora baridi, ukahisi joto?" Nilikuwa nyuma ya pazia nnamimina kahawa, nikaimwaga kwa furaha.

Mama, Ghanim na shangazi Hind wanakusalimu sana. Mola akuhifadhi na akutie nguvu mkononi.

Baba naye anakusalimu, kwa mdomo wake. Ila ana lawama moja. Chini ya picha umeandika "Suud" peke yake. Kasema nyengine uandike "Suud bin Thani", watu wajue u mtoto wa nani.

Dadako akupendaye na anayejivunia wewe,
Rahila